Bafta Isiyopindwa

Sista wa wodi ile alikuwa na sheria moja ambayo hata daktari mkubwa hakuthubutu kuivunja: mtoto haendi nyumbani mikononi mwa mtu mmoja. Lazima wawe wawili waliofunzwa, wafanye kila kitu kwa mikono yao mbele ya macho yake, wakosee, warudie, mpaka aridhike.

"Mama akilala je?" angeuliza, mikono kiunoni. "Mama akishikwa na homa? Akienda choo? Huyu mtoto atangoja mama atoke choo ndio apumue?"

Alikuwa mwanamke wa Kinoo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kupigia mnada, na Kiswahili chake kilinikwaruza masikio siku za mwanzo, mie niliyelelewa Mombasa. Hii kitu, ile mtoto, kitanda iko. Baadaye niliacha kuyasikia makosa hayo. Mtu anayekufundisha namna ya kumzuia mwanao asife, humkatizi maneno.

Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati wake, kabla sijanunua hata soksi. Mguu wake wote ulilingana na kidole changu cha kati. Wakamtia ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mpira mwembamba puani wa kupitishia maziwa, nyaya zimebandikwa kifuani, na mashine juu yake ya kuhesabu pumzi. Ugonjwa wake mkubwa, waliniambia, ni usahaulifu. Watoto waliozaliwa mapema hivyo husahau kupumua. Yuapumua vizuri, kisha anasahau, rangi inambadilika, mashine inapiga kelele, sista anaingiza mkono na kumsugua wayo wa mguu, naye anakumbuka. Wenzangu hukumbusha watoto wao kusema asante na shikamoo. Mie wangu nilimkumbusha pumzi.

Na mume wangu? Hapo ndipo hasira yangu inapoanza, na sioni haya kuisema.

Mume wangu ana duka katikati ya mji, hatua chache kutoka msikitini. Anauza redio, spika na nyaya za kila rangi. Siku mtoto alipozaliwa alifika mpaka mlango wa wodi, akachungulia, akaziona zile nyaya kifuani mwa mwanawe, akarudi nyuma. "Siwezi kuangalia," akasema. Tangu siku hiyo alikomea getini. Alikuja na kapu la chakula, akanipigia simu nishuke, akaniuliza, "Vipi hali?" kama mtu anayeuliza kama kwenu kumenyesha, kisha akaondoka. Ana wateja. Ana mzigo umefika. Ana mtu anamngoja.

"Wewe," nilimwambia siku moja pale getini, mbele ya askari na madereva wa teksi, "wewe unayelala na nyaya, unayezichuna ngozi kwa meno! Leo nyaya za kitoto kichanga ndizo zinakutia hofu?"

Alicheka kicheko cha kuomba yaishe, akatazama viatu vyake. Askari naye akatazama viatu vyake.

Kwetu mtoto akizaliwa, baba humshika na kumwadhinia sikio la kulia, ili sauti ya kwanza kumwingia iwe ya adhana. Ni kazi ya dakika chache. Haitaki ubani wala wageni. Nilimwomba nikiwa bado nimelala chali, nikamwomba tena getini, nikamwomba kwenye simu.

"Akija nyumbani nitamwadhinia," alisema.

"Na asipokuja?"

Jibu alinipa mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, aliyepanda kutoka Mombasa siku ile ile aliposikia habari, akaweka kambi kwenye fleti yetu ya Kilimani. "Mwache, mwanangu," aliniambia. "Wanaume hawapendi kuzoea kitu wanachoweza kunyang'anywa."

Ati hawapendi! Kwani mie ndiye niliyependa? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, matiti yanavuja, mshono unawaka moto, nazoea kila siku kitu ninachoweza kunyang'anywa. Basi sauti ya kwanza aliyoisikia mwanangu ikawa king'ora cha mashine.

Mavyaa alipika, siwezi kumsingizia. Uji wa mtama, supu ya mbuzi yenye pilipili manga mpaka machozi yakutoke, ili maziwa yaje. Yalikuja. Lakini mwenyewe hakukanyaga wodini. Mtaani kwake Mombasa yeye ndiye mwoshaji wa maiti, wa wanawake na wa watoto. Nimekaa kwake mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, namjua. Mlango ukigongwa alfajiri alikuwa ameshavaa buibui na kubeba kafuri yake ya kupaka maiti kabla mgongaji hajamaliza kusema. Nilimpangia zamu ajifunze yeye kama mtu wangu wa pili, akakataa katakata. "Nimewaosha wengi wa saizi hiyo," alisema. "Mikono yangu haijui kuwafanyia lingine."

Na nyumbani hakikununuliwa kitu. Si kitanda, si blanketi, si hata pini. Nikiuliza, mavyaa ananiambia usimtandikie mgeni ambaye hajabisha hodi. Nikaamini kweli hawajaandaa chochote. Kumbe.

Kisanduku kilichopakana na chetu kilikuwa cha mtoto wa mama mmoja wa Lavington. Alinionyesha kwenye simu chumba cha mwanawe: kuta zimepakwa rangi ya ndizi, pazia la tembo wadogo, nguo zimekunjwa kwenye rafu mpaka za kuanzia kutambaa. Niliona wivu, Mungu anisamehe. Siku aliyoambiwa alete kiti cha gari ili afunzwe kumfunga mtoto, nilifika nikakuta kile kisanduku kiko wazi kinapanguswa. Dereva wake alikuwa amesimama ujiani amekipakata kile kiti, kipya, bado kimevaa plastiki. Hakuna aliyemwambia akipeleke wapi. Mimi nami nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa nikishukuru kuwa si chetu, na shukrani yenyewe ilinitia aibu.

Wangu akaanza kuongeza uzani. Mashine ikapunguza kelele zake. Daktari akasema kama ataendelea hivi bila kusahau pumzi, ataruhusiwa. Hapo sista akanigeukia.

Alinifunza kama anayemfunza kuruti. Kunawa mikono mpaka viwikoni, na nikigusa simu, narudi kunawa. Kumnywesha maziwa kwa kikombe kidogo, ukingo unagusa mdomo, mtoto analamba mwenyewe kama paka, humimini. Kumpa dawa kwa bomba lisilo na sindano. Kisha akaniletea mtoto wa plastiki, mwenye macho ya buluu ambayo hayafungi, nikajifunza kumbonyeza kifua kwa vidole viwili na kumpulizia pumzi ya mashavu tu.

"Mashavu, mama, si mapafu! Unataka kumpasua kama baluni?"

Na zaidi ya yote, wayo. Akinyamaza, akibadilika rangi, kabla ya kupiga yowe, kabla ya kumwita Mungu, shika mguu, sugua wayo. Nilijifunza yote. Sista akaniangalia, akasema nimepita. Kisha akauliza lile nililokuwa nalikimbia.

"Mtu wa pili ni nani? Huyu mtoto ako na baba ama hana?"

"Anaye."

"Mbona sijamuona? Ama ni wa kwa simu?"

Nikasema ana kazi nyingi dukani. Hata mimi nilijisikia ninavyodanganya. Sista alinyoosha mkono, nikampa simu yangu, akampigia yeye mwenyewe hapo hapo.

"Baba, niaje. Mtoto yako amefika uzani. Sasa sikiza. Kitanda yake ninaitaka, kuna mwingine anakuja. Lakini simtoi na mama peke yake, na nyanya amekataa, kwa hivyo ni wewe. Kesho asubuhi. Uje na kitambaa safi ya pamba, laini, ya kumfunga mtoto kwa kifua. Ukikosa kuja atakaa hapa, na kila siku akikaa hapa anaweza kushika ugonjwa ya wengine. Si mimi nitakuwa nimekataa, ni wewe."

Alikata simu bila kungoja jibu. Laiti ningezaliwa na ulimi ule.

Alikuja. Nitasema haki yake: alikuja, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, mfuko mkononi, uso umemparara kama aliyeitwa polisi. Sista akamnawisha mikono mpaka viwiko, akamwongoza nyuma ya pazia, akamvua shati, akamkalisha kwenye kiti kile kile changu cha plastiki. Alionekana mdogo bila shati. Nilikuwa nimesahau kwamba bega lake moja liko chini kuliko jingine.

"Kitambaa iko?"

Akaninyooshea ule mfuko. Nikaufungua, na kabla sijakiona nilikisikia harufu. Kafuri.

Kitambaa kilikuwa bafta nyeupe, imekunjwa vizuri. Nikaikunjua. Pembe hazikupindwa. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kila upande, maana haikukatwa kwa mkasi, ilichanwa kwa mkono. Mavyaa wangu huchana hivyo. Anaanzisha kwa jino, anashika pande mbili, anavuta mara moja, na mlio wake ukishausikia hutausahau. Nguo ya mtu aliye hai hukatwa na kushonwa na kupindwa. Isiyoguswa na mkasi wala sindano ni ya mtu mmoja tu.

Kwa mtu mzima kingekuwa kilemba cha kufunga kichwa. Kwa mwanangu kilitosha mwili mzima, na cha kukunjia kilibaki.

"Umekitoa wapi hiki?" Nilinong'ona, kwa sababu sista alikuwa nyuma ya pazia akimbandua mtoto nyaya.

"Kabatini."

"Kabati gani?"

"La kwetu. Chini ya mashuka." Akaonyesha pazia kwa kidevu, alikokuwa sista. "Aliniambia kitambaa cha pamba cha mtoto. Nimepekua nyumba nzima. Hakuna kingine cha mtoto, wallahi. Hicho tu."

"Ulijua ni nini?"

Angesema hakujua, labda ningemsamehe. Uwongo mwingine ni sadaka. Lakini yeye hajui kusema uwongo, kasoro yake nyingine hiyo. "Mama alikichana kwenye yake mwenyewe," alisema. "Ile ya Makka, aliyoichovya maji ya Zamzam kujiwekea siku yake. Alisema huyu naye apate kilicho bora."

"Lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku aliyozaliwa."

Basi nikapiga hesabu yangu palepale nimesimama. Mie bado nimelala chali, mshono mbichi, nao nyumbani wanachana. Mie nakamua maziwa kwa matone, nao kafuri wameshaipata. Nimelala kando ya kabati lile, nimelalia mashuka yale, kila niliporudi kubadilisha nguo nimefungua mlango ule. Kumbe si kweli kwamba hawakuandaa kitu. Waliandaa, tena mapema, tena kwa mapenzi. Waliandaa safari moja tu kati ya mbili, na kwa safari hiyo hawakuhitaji kufunzwa na sista.

Sista akatokeza kichwa. "Kuna shida?"

"Hakuna, sista."

Akaishika ile bafta, akaisugua kwa vidole, akainusa. "Iko sawa. Laini. Lakini inanuka dawa ya mende. Si kitu." Akaenda kumchukua mtoto.

Mume wangu akanishika mkono. Kidole gumba chake kilikuwa cha baridi. "Si hiki," aliniambia. "Nakuomba. Tumia khanga yako, tumia shati langu. Si hiki."

"Ndicho ulichomletea mwanao," nikamwambia. "Keti wima."

Sista akamlaza mtoto kifuani pake, wima, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu kwenye nywele za kifua. Nikaipitisha ile bafta mgongoni kwa mtoto, chini ya kwapa za baba yake, nikaivuta nyuma, nikafunga. Nikafunga mara mbili. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Wakati ule nilitaka aumie. Nilitaka kila uzi wa kitambaa kile umkate ngozi.

"Sasa shika mguu, baba. Hapa. Kidole gumba kwa wayo, usitoe. Akinyamaza unajua la kufanya. Ongea na yeye, anasikia. Baba wengine huimba."

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, yakadondoka juu ya kikofia cha mtoto. Kisha akainamisha mdomo kwenye sikio la kulia, akaanza. Allahu akbar. Sauti ikamkatika. Akaanza upya. Ikamkatika tena palepale, akaanza upya, na safari hii akaenda mpaka mwisho, polepole, kwa sauti ambayo ingeweza kumfikia mtu mmoja tu duniani. Sista akasogea, akazima ile taa kali iliyokuwa juu yao. Mama mwingine aliyekuwa akimnywesha wake kwa kikombe aliangalia, akafuta macho.

Wote waliokuwa pale waliona baba anayempenda mwanawe. Na ni kweli, anampenda. Mimi nilikuwa natazama sanda inapanda, inashuka, inapanda.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Alibonyeza yule mtoto wa plastiki, akapuliza mashavu, akajifunza kikombe haraka kunishinda, kwa kuwa ana vidole vya fundi. Wahudumu wakampenda. "Baba wa mwaka!" sista alimtania kila akiingia. Akaletewa chai. Mie niliyekuwa pale tangu siku ya kwanza hakuna aliyenipa cheo cha mwaka wala cha mwezi. Kwa mama ni kawaida.

Tukaruhusiwa. Mlangoni kwetu Kilimani, mavyaa alikuwa ametia udi kwenye chetezo, moshi umejaa ukumbini kama kwenye harusi. Mume wangu, mtoto kifuani, alisimama nje hakuvuka kizingiti. "Mama, toa hicho. Moshi hapana. Fungua madirisha." Sikuwahi kumsikia akimwamuru mamake. Mavyaa akatoa chetezo, akarudi jikoni kwake.

Alimtazama mjukuu wake kwa mbali siku zile zote. Akipita na sinia, anatupa jicho, anapita. Hakumgusa. Nikimwambia njoo umshike, ana vitunguu mkononi, ana unga, ana swala imemngoja. Arobaini ikaja ikapita, mtoto akanyolewa, wageni wachache wakala pilau, naye akawahudumia wote na hakumbeba. Ndipo asubuhi moja jikoni, akichambua mchele, akaniambia kwa sauti ya mtu anayedai sufuria yake aliyoazima jirani:

"Mwanangu, kile kipande changu cha bafta, ukimaliza nacho nirudishie. Yangu imepungua."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi mkubwa na yeye, wiki baada ya wiki. Nilikuwa na hotuba. Nilipomwona pale, miwani imeshuka puani, vidole vinatafuta mawe kwenye mchele, hotuba ikanipotea, ikabaki hasira tupu.

"Hakipo," nikasema. "Nimekipeleka kwa fundi cherehani pale chini. Amekikata kwa mkasi, vipande vinne. Akapinda pembe zote."

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. "Akapinda?"

"Kwa cherehani. Ni nepi."

"Nepi." Akavua miwani. "Bafta yangu ya Zamzam."

"Na mjukuu wako ameshazinyea. Zote. Tena leo asubuhi."

Astaghfirullah, najua. Nilijua wakati nasema. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani, kidole gumba kwenye wayo kama kawaida yake, maana mpaka wakati huo alikuwa hajathubutu kukitoa. Mavyaa alitazama ule mchele, akautikisa, akauweka pembeni. Nikangoja anilaani.

"Basi iliyobaki haitanitosha," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mie mtu mrefu."

"Basi usife," nikamwambia. "Nawa mikono, mpaka viwikoni, uje umshike mtoto."